Siagi ya Tufaha kwa Chungu cha Umeme: Mwongozo Kamili, Kuanzia Sokoni Hadi Kwenye Chupa

Siagi ya tufaha haina maziwa wala mafuta. Ni matufaha yaliyopikwa saa nyingi kwa moto mdogo mpaka maji yake mengi yametoka kwa mvuke, likabaki rojo zito la kahawia iliyokolea, laini, tamu lenye uchachu kidogo, la kupaka kwenye mkate. Jamu huiva haraka kwa sukari nyingi na moto mkali. Siagi ya tufaha ina njia yake: sukari kidogo, moto mdogo, muda mrefu. Ndiyo maana chungu cha umeme cha kupikia polepole kinaifaa sana, mradi ujue jambo moja ambalo maelekezo mengi hulipita mbio: chungu hicho kimeundwa ili maji yasipotee, na wewe hapa unataka yapotee. Ukilishika hilo, mengine yote ni uvumilivu.

Ilikotoka

Chakula hiki ni cha nchi za baridi, za watu waliokuwa wakivuna matufaha mengi kwa mara moja na kulazimika kuyahifadhi kabla theluji haijaanguka. Wajerumani waliohamia Pennsylvania kutoka bonde la mto Rhine walikuja nacho, na mpaka leo majimbo ya Pennsylvania, Ohio na West Virginia ndiyo nyumbani kwake Marekani. Mji wa Berkeley Springs, West Virginia, hufanya tamasha lake kila Oktoba, na masufuria makubwa ya shaba huinjikwa nje juu ya kuni, watu wakipokezana kukoroga kwa miko mirefu kutwa nzima. Katika kisiwa cha Jersey, kati ya Uingereza na Ufaransa, wana ya kwao iitwayo siagi nyeusi, na huko kazi ya kukoroga hukesha mpaka asubuhi.

Kukoroga kote huko kulikuwa na sababu moja: moto wa kuni unapiga chini ya sufuria, na rojo zito likikaa bila kuguswa hushika chini na kuungua. Baadhi ya familia za Pennsylvania hata zilitumbukiza sarafu za shaba zilizosafishwa ili zikwangue kitako cha sufuria kila mwiko unapopita. Chungu cha umeme kinakuondolea kazi hiyo. Nyaya zake za joto mara nyingi zimezunguka ubavuni, moto wake ni mdogo, na bakuli lake nene la udongo uliochomwa linasambaza joto taratibu. Usiku unaweza kulala.

Chungu chenyewe pia kina asili yake. Irving Naxon, mvumbuzi wa Chicago, alipata hataza (hati ya kumiliki uvumbuzi) ya chungu cha namna hii mwaka 1940. Wazo lilitokana na masimulizi ya mama yake kuhusu chakula cha Sabato cha Wayahudi wa Vilnius, mji wa Lithuania, kilichokuwa kikiachwa usiku kucha ndani ya tanuri la mwoka mikate lililokuwa likipoa. Kampuni ya Rival ilinunua biashara yake mwaka 1970, na mwaka uliofuata ikaanza kukiuza kwa jina la Crock-Pot.

Kuchagua matufaha

Hapa ndipo ladha inapoamuliwa, kwa hiyo usiharakishe.

Kanuni ninayoifuata ni kuchanganya aina mbili: moja tamu na laini inayopondeka upesi, nyingine chachu. McIntosh ni laini kiasi kwamba baada ya saa chache huoni tena kipande. Golden Delicious lina utamu na harufu nzuri. Jonathan, Winesap na Stayman yana uchachu unaosimama hata baada ya kupikwa muda mrefu. Ukiishi Marekani au Kanada, nenda shambani mwezi Septemba au Oktoba ukaulizie matufaha ya daraja la pili, yale yenye makovu au umbo baya. Hununuliwa kwa bei ya chini sana ukilinganisha na yale ya kupangwa dukani, na kwenye chungu hakuna atakayeliona kovu.

Afrika Mashariki uchaguzi ni mwembamba zaidi, lakini unatosha. Mengi yanayouzwa Dar es Salaam na Nairobi hutoka Afrika Kusini: ya kijani ambayo ni Granny Smith, ya manjano ambayo ni Golden Delicious, na mekundu ya aina kadhaa kama Gala. Chukua theluthi moja ya kijani na theluthi mbili za manjano au mekundu, utapata mchanganyiko mzuri. Tanzania inalima yake pia katika nyanda za juu, hasa Njombe na Makete, na maepo hayo ya nyumbani, ingawa ni madogo, yana uchachu ambao siagi hii inauhitaji. Mekundu matupu, yale matamu yasiyo na uchachu, hutoa siagi iliyopooza. Kama ni hayo tu uliyopata, ongeza maji ya limau.

Tufaha lililopondeka au kubonyea halina neno, kata sehemu hiyo uitupe. Lakini lililoota ukungu au kuoza ndani litupe lote. Ukungu wa matufaha hutoa sumu iitwayo patulini, na joto la kupikia haliimalizi.

Mahitaji

Kipimo hiki ni cha chungu cha lita 6. Kama chako ni cha lita 3 hadi 3.5, gawanya kila kitu kwa mbili.

– Matufaha kilo 3
– Maji, au juisi halisi ya tufaha isiyotiwa sukari, nusu kikombe (mililita 120)
– Maji ya limau au ndimu, vijiko vikubwa 3
– Sukari gramu 300: nusu nyeupe, nusu ya kahawia. Sukari guru iliyokunwa inafaa sana badala ya ile ya kahawia
– Chumvi, nusu kijiko cha chai
– Mdalasini uliosagwa, vijiko 2 vya chai
– Karafuu iliyosagwa, robo kijiko cha chai
– Kungumanga iliyokunwa, robo kijiko cha chai, ukipenda

Utapata kama lita moja na robo, yaani chupa 5 za mililita 250.

Vyombo: chungu cha umeme, kisu kizuri, mwiko wa mbao, blenda (ya mkono ndiyo rahisi), vijiti viwili vya mbao vinene kama penseli, na chupa za kioo zenye vifuniko. Kwa umeme usiogope. Vyungu vingi hula wati 200 hadi 300. Hata kikiwaka bila kupumzika kwa saa 16, chungu cha wati 250 hakivuki uniti 4.

Hatua ya 1: Kuosha na kukata

Matufaha ya dukani mara nyingi hupakwa nta ili yang'ae. Yaoshe kwa maji ya uvuguvugu huku ukiyasugua kwa brashi safi au kitambaa kigumu.

Kumenya au kutomenya? Mimi simenyi. Ganda lina rangi, lina harufu, na lina pektini, kile kinachoshikamanisha rojo likipoa. Ukiwa na blenda yenye nguvu, ganda litasagika lisionekane. Ukiwa na blenda dhaifu, pika na maganda kisha upitishe rojo kwenye chujio la matundu madogo ukilisukuma kwa mgongo wa kijiko. Menya tu kama huna blenda wala chujio, au kama ganda ni nene na gumu.

Kata kila tufaha vipande vinne, ondoa kikonyo na sehemu yote yenye mbegu, kisha kata vipande vya unene wa sentimita moja. Mbegu zisiingie kwenye blenda: zina ladha ya uchungu, na zina kemikali inayotoa sayanidi zikisagwa. Ukubwa wa vipande ukilingana, vitalainika pamoja.

Vikibadilika rangi ukiwa bado unakata, viache. Mwisho wa safari rangi ni kahawia hata hivyo.

Hatua ya 2: Usiku wa kwanza, kifuniko kimefungwa

Mimina maji au juisi kwenye chungu, ongeza vipande vyote, maji ya limau na chumvi. Chungu kitajaa karibu na ukingo, na hilo ni sawa kwa sababu vipande vitanywea. Usitie sukari wala viungo sasa.

Funga kifuniko, weka kwenye moto mdogo, ulale. Ukiwasha saa 2 usiku, saa 12 asubuhi kila kitu kitakuwa kimelainika kabisa, kimezama hadi nusu au theluthi mbili za kimo cha mwanzo, na rangi imeanza kugeuka. Hakuna haja ya kuamka kukoroga.

Kwa nini kifuniko kifungwe sasa wakati lengo ni kupoteza maji? Kwa sababu vipande vibichi vinahitaji mvuke ili vilainike sawasawa. Ukiacha wazi tangu mwanzo, vya juu vinakauka vikiwa bado vigumu na vya kando vinaungua. Kwanza lainisha, halafu ndipo ukaushe.

Zingatia bakuli la ndani: ni udongo uliochomwa, na halipendi mabadiliko ya ghafla ya joto. Usilitoe kwenye friji na kuliwasha papo hapo, wala usimimine maji baridi likiwa moto. Litapasuka.

Hatua ya 3: Kusaga

Zima chungu. Kama una blenda ya mkono, isagie humo humo, ukihakikisha kichwa chake kimezama kabisa kabla hujabonyeza, la sivyo rojo la moto litakurukia. Kama una blenda ya kawaida, acha matufaha yapoe kwa nusu saa, jaza nusu ya jagi tu, toa kizibo cha katikati cha kifuniko, funika kwa kitambaa kilichokunjwa na ushikilie kwa mkono. Mvuke uliofungiwa unaweza kurusha kifuniko hadi dari. Rojo hili linanata kwenye ngozi na linaunguza kuliko maji yanayochemka.

Saga mpaka ukisugua kidogo kati ya vidole usisikie chembe.

Sasa fanya jambo ambalo litakuokoa kubahatisha baadaye. Simamisha mwiko wa mbao wima katikati ya chungu mpaka uguse chini, kisha weka alama ya penseli rojo lilipofikia. Weka alama ya pili katikati ya ile ya kwanza na ncha ya chini. Rojo likishuka hadi alama ya pili, siagi imekaribia kuwa tayari.

Nusu hiyo sikuiokota hewani. Sheria ya chakula ya Marekani inataka siagi ya matunda iwe na angalau asilimia 43 ya yabisi zilizoyeyuka, yaani sukari na vitu vingine vilivyomo ndani ya maji ya tunda. Tufaha bichi lina maji takriban asilimia 85. Kwa kilo 3 za matufaha zilizotolewa mbegu na gramu 300 za sukari, ili ufike asilimia 43 lazima upoteze karibu nusu ya ujazo.

Hatua ya 4: Sukari, kifuniko chenye mwanya, na saa za kungoja

Tia sukari, koroga mpaka iyeyuke, kisha weka chungu kwenye moto mkubwa. Laza vijiti viwili vya mbao sambamba juu ya ukingo na uweke kifuniko juu yake, ili pabaki mwanya wa kama sentimita moja kuzunguka. Mvuke utatoka, na matone ya rojo linalotokota hayataruka ukutani.

Kwa nini nisiondoe kifuniko kabisa? Kwa sababu chungu hiki kina nguvu ndogo. Kikiwa wazi kabisa, joto linatoroka juu, rojo linapoa, halitokoti tena, na mvuke unapungua badala ya kuongezeka. Mwanya mdogo unaweka joto ndani huku ukiacha maji yatoke. Nimeona watu wakilalamika kwamba chungu chao hakikaushi, na mara nyingi sababu ni mojawapo ya hizi mbili: kifuniko kimefungwa kabisa kikirudisha kila tone, au kimetolewa kabisa.

Kaa nayo kwa saa 5 hadi 8, kutegemea chungu na utamu wa matufaha. Kila baada ya nusu saa hadi dakika 45, koroga na ukwangue kuta vizuri, kwa sababu joto linatoka ubavuni na ndiko rojo linakokolea kwanza. Ule utando wa kahawia unaoshika kuta, ukiukwangua mapema na kuuchanganya ndani, ndio unaoleta rangi na ladha nzito. Ukiuacha mpaka uwe mweusi, utaleta uchungu. Katika saa mbili za mwisho, koroga kila dakika 20.

Kuhusu sukari, gramu 300 ni kipimo changu na kwa wengi kinatosha. Sheria hiyo hiyo ya Marekani inaruhusu sehemu 2 za sukari kwa kila sehemu 5 za tunda, yaani zaidi ya mara tatu ya hizi nilizoweka. Sioni sababu ya kufika huko. Maji yakitoka, utamu wa tunda lenyewe unajikusanya, na ukionja mapema utadanganyika. Ngoja mpaka rojo lifike alama ya pili, ndipo uonje na uamue kama unaongeza.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, hamishia rojo kwenye sufuria yenye kitako kizito na umalizie kwenye gesi au mkaa wa moto hafifu, ukikoroga bila kuacha. Kwa njia hiyo utamaliza mapema zaidi, lakini usiondoke jikoni hata kidogo.

Hatua ya 5: Viungo

Viungo vitie saa moja kabla ya kumaliza, si mwanzoni. Mafuta yanayobeba harufu ya mdalasini na karafuu hutoka pamoja na mvuke, na ukivitia tangu usiku, nyumba yote itanukia na chupa yako itabaki na uchungu wa unga. Kitu kingine: rojo linapopungua nusu, viungo vilivyomo vinaongezeka ukali mara mbili. Karafuu hasa, kipimo kikizidi kidogo tu hufunika kila kitu na kufisha ganzi ulimi. Robo kijiko kwa kilo 3 za matufaha inatosha. Ukipenda iliki, pika na nusu kijiko cha chai, na hapo punguza kungumanga.

Nunua mdalasini wa vijiti na karafuu nzima, usage mwenyewe. Harufu yake haifanani na ya unga uliokaa dukani, na kuna sababu ya usalama pia: mwaka 2023 nchini Marekani vifuko vya rojo la tufaha vya watoto viliondolewa sokoni baada ya kukutwa na madini ya risasi, na chanzo kilikuwa mdalasini wa unga uliochafuliwa. Mdalasini wa Zanzibar, ule mwembamba unaovunjika kwa vidole, una utamu unaofaa hapa kuliko ule gome nene.

Na tukitaja Zanzibar, karafuu katika chungu cha Mmarekani si mgeni wa jana. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan aliafikiana na Marekani mkataba wa biashara, na meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikitia nanga Unguja kununua pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Mama wa Pennsylvania aliyekuwa akikoroga sufuria lake la shaba karne ya 19 huenda alitia karafuu iliyoanikwa mikekani Unguja au Pemba.

Hatua ya 6: Kujua kama imeiva

Usiamini saa, amini kijiko. Chota kijiko kimoja, kitoe mbali na mvuke, kishike kwa dakika mbili. Siagi iliyoiva itabaki imekaa kilima juu ya kijiko, haitatandaa. Kipimo cha pili: weka tone kubwa kwenye kisahani baridi na ungoje. Maji yakijitenga na kuzunguka tone, bado. Ukingo ukibaki mkavu, imeiva.

Ikipoa inakuwa nzito zaidi, kwa hiyo usiikaushe mpaka iwe ngumu chunguni. Ikiwa umepitiliza, irudishe kwa vijiko viwili vitatu vya maji ya moto au juisi.

Ladha ya mwisho iandae sasa. Kama ni tamu tupu, ongeza kijiko kikubwa kimoja cha siki ya tufaha au maji ya limau. Kama haina nguvu, jaribu chumvi kidogo kabla ya kukimbilia sukari.

Hatua ya 7: Kuhifadhi

Kwenye friji, ndani ya chupa safi yenye kifuniko, hukaa wiki tatu hadi nne. Kwenye friza hukaa mwaka bila shida, mradi uache nafasi ya sentimita mbili juu kwa sababu hutanuka ikiganda. Kwa mtu anayepika mara moja moja, nasema bila kusita: tumia friza.

Kuweka kabatini miezi mingi ni kazi yenye masharti yake. Tufaha lina asidi ya kutosha kuzuia bakteria hatari wa botulini, ambao hawawezi kuota pale kipimo cha pH kilipo chini ya 4.6. Maji ya limau uliyotia mwanzoni yanaongeza uhakika huo. Kinachobaki ni kuua ukungu na hamira, na kufunga hewa isiingie. Hiyo hufanywa kwa kuchemsha chupa zilizojazwa:

Tumia chupa za kuhifadhia zenye kifuniko cha vipande viwili, sahani bapa yenye mpira na pete ya kukaza. Chupa za jamu za dukani zilizokwisha tumika ziache kwa ajili ya friji. Osha chupa, zichemshe dakika 10, ziache zikiwa moto. Jaza siagi ikiwa bado moto sana, ukiacha nafasi ya milimita 6 juu. Pitisha kijiti kandokando kutoa mapovu ya hewa, futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi chenye unyevu, weka sahani, kaza pete kwa ncha za vidole tu. Tandika kitambaa au kiwavu chini ya sufuria kubwa, panga chupa zisigusane, maji yazifunike kwa sentimita 2.5 juu ya vifuniko. Hesabu dakika kuanzia maji yanapochemka kwa nguvu.

Dakika ngapi? Hilo linategemea mwinuko wa unapoishi, kwa sababu kadiri unavyopanda juu, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Pwani ni nyuzi 100, Nairobi ni kama 94 au 95. Kwa chupa za hadi nusu lita:

– Hadi mita 300 (Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar, Muscat, Philadelphia): dakika 5
– Mita 300 hadi 1,800 (Moshi, Arusha, Dodoma, Mwanza, Lushoto, Nairobi, Kampala, Kigali, Bujumbura, Lubumbashi, Denver): dakika 10
– Zaidi ya mita 1,800 (Njombe, Makete, Limuru, Eldoret): dakika 15

Ukiwa mpakani, kama viunga vya juu vya Nairobi, chukua dakika nyingi zaidi. Kisha zima moto, acha chupa humo dakika 5, zitoe wima bila kuziinamisha, zipoe saa 12 hadi 24 juu ya taulo. Bonyeza katikati ya kila kifuniko: kikibaki kimebonyea, imejifunga. Kikicheza na kulia, hiyo ipeleke friji.

Na tafadhali, usitumie hatua hii ya kabatini kwa matunda mengine kwa kudhani ni sawa. Papai, ndizi na boga hazina asidi ya tufaha. Siagi ya boga inapikwa vizuri kabisa kwenye chungu hiki hiki, ila makazi yake ni friji au friza. Chupa yoyote iliyovimba, inayotoka povu, au yenye harufu ngeni ukiifungua, itupe bila kuonja.

Kuila

Kwenye mkate uliochomwa na chapati ya moto haihitaji maelezo. Watu wa Pennsylvania huila pamoja na jibini mbichi nyeupe ya mtindi, na mchanganyiko huo unastahili kujaribiwa: mtindi mzito uliochujwa kwenye kitambaa usiku kucha unatosha kabisa. Kijiko kimoja kwenye uji wa ulezi kinachukua nafasi ya sukari. Kwenye keki, kikombe nusu kinaweza kushika nafasi ya nusu ya mafuta, na keki itabaki na unyevu kwa siku kadhaa.

Kwa kuku wa kuchoma, changanya vijiko vikubwa vinne vya siagi ya tufaha na maji ya ndimu moja, tangawizi iliyosagwa, pilipili na chumvi. Kuku mchome kama kawaida, umpake mchanganyiko huu anapokaribia kuiva, dakika tano za mwisho tu, maana sukari juu ya mkaa huungua upesi.